Kihamba Kinapogeuka Kiwanja

Mwaka 1984 watafiti watatu, Fernandes, Oktingati na Maghembe, walichapisha utafiti wao juu ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huyo wa tatu ni Jumanne Maghembe, profesa wa misitu aliyekuja kuwa mbunge wa Mwanga na waziri katika zaidi ya wizara moja. Walikuta kihamba kina wastani wa hekta 0.68. Vidogo kabisa vilikuwa na hekta 0.2, vikubwa 1.2. Migomba juu ya kahawa, mihogo na magimbi chini, ng'ombe bandani, mfongo wa maji ukipita pembeni: familia nzima ilikula, ikauza na ikazikana humo humo.

Hekta 0.68 ni mita za mraba 6,800. Sasa tugawe.

Mzee wa mwaka ule akiwa na warithi wanne, kila mmoja anapata mita 1,700. Nao wakizaa warithi wanne kila mmoja, mjukuu anabaki na mita 425. Wajukuu hao si watoto tena. Wana miaka thelathini na kitu, wana ramani ya nyumba kwenye simu na fundi anayesubiri malipo ya awali. Mita 425 ndicho kiwanja cha kawaida cha msongamano mkubwa katika mji wowote wa Tanzania, kile kinachouzwa na madalali kwa maneno "ishirini kwa ishirini". Kwa maana hiyo ubishi wa Moshi kuhusu lini mji utapanda mlimani umechelewa. Mji umeshapanda. Umepanda bila barabara, bila mitaro, bila mpimaji, na mabishano yote yanayoendelea sasa, ya nyumba kubwa zilizofungwa, ya mpaka wa manispaa, ya hadhi ya jiji, ni mabishano ya nani alipe gharama yake.

Nimegawa kwa wanne kwa sababu ni hesabu nyepesi. Desturi ilikuwa na mpangilio wake: mtoto wa kwanza wa kiume ana fungu lake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati walitafutiwa kihamba kipya. Mpangilio huo ulitegemea kuwepo kwa kihamba kipya. Juu, msitu umefungwa. Ule ukanda wa nusu maili uliotengwa zama za mkoloni ili wananchi wapate kuni na majani uliingizwa hifadhini pamoja na msitu mwingine mwaka 2005. Chini, tambarare ina mashamba ya miwa ya TPC, ina skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi yenye hekta 2,300, na penye nafasi pana ukame. Mtoto wa katikati hana pa kupelekwa. Mabinti nao, ambao zamani hawakuhesabiwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Hesabu ya kweli katika familia nyingi haigawi kwa wanne, inagawa kwa sita au saba.

Ukubwa pekee hausemi kila kitu. Umbo lina shida yake. Kihamba cha mita 6,800 kikiwa mraba kina upande wa mita 82 na nusu hivi. Kwa kawaida hukatwa kufuata mteremko, ili kila ndugu aguse njia ya juu na mfereji wa chini. Vipande vinne vinatoka na upana wa mita 20 na ushee. Kizazi cha pili kikikata tena kwa mtindo ule ule, kila kipande kina upana wa mita 5 na urefu wa 82. Humo huwezi kujenga nyumba ya vyumba vitatu, labda gereji ya basi. Kwa hiyo kizazi cha pili hukata kwa kukingamisha, na hapo linazuka jambo ambalo vikao vya ukoo hulisahau: njia. Ili ndugu wa nyuma afike kwake kwa gari lazima ipite njia ya angalau mita 3 kutoka mbele hadi nyuma. Mita 3 mara 82 ni mita za mraba 246, yaani asilimia 14 ya lile fungu la 1,700. Nani atoe? Mara nyingi hatoi mtu. Kinabaki kichochoro cha kupishana kwa mabega, na siku ya msiba jeneza linateremshwa barabarani na kubebwa na vijana kupita kwenye migomba ya watu.

Mpaka wenyewe ni masale. Mmea huo Wachaga huupanda kuzunguka kihamba, na jani lake ndilo hupelekwa kwa ndugu uliyemkosea ili akusamehe. Unatumika kwa kazi zote mbili kwa wingi siku hizi. Mstari wa masale ukisogezwa mita moja katika mpaka wa mita 20, zinahama mita za mraba 20. Katika kihamba cha babu hizo ni asilimia 0.3, hakuna aliyegombana. Katika kihamba cha mita 425 ni karibu asilimia 5, na baraza la kata linapata kesi.

Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Kwa ardhi finyu namna hii ungetarajia mkoa ufurike watu. Sensa inasema tofauti. Mwaka 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 ulikuwa nao 1,861,934. Hilo ni ongezeko la asilimia 13.5 kwa miaka kumi, wakati nchi nzima ilitoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la asilimia 37. Kama mkoa ungekua kwa kasi ya taifa ungekuwa na watu wapatao milioni 2.25. Pengo ni watu 390,000. Si wote walihama, maana Kilimanjaro watu huzaa wachache kuliko mikoa mingi, lakini asiyejua kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo iko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma hajawahi kutafuta tiketi ya basi la Moshi tarehe 22 Desemba.

Wilaya kwa wilaya picha inakuwa kali zaidi. Rombo, yenye vihamba vilivyobanana, ilitoka watu 260,963 hadi 275,314: asilimia 5.5 tu kwa muongo mzima. Moshi Vijijini iliongezeka kwa asilimia 14.8, ikafika 535,803. Manispaa ya Moshi ilitoka 184,292 hadi 221,733, asilimia 20. Jirani yake, Jiji la Arusha, lilitoka 416,442 hadi 617,631, asilimia 48. Mji wa Moshi unakua, ila unakua polepole kuliko nchi, na hilo tuliweke akilini tutakapofika kwenye suala la mpaka.

Sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Agosti mlima uko kimya. Laiti wangehesabu usiku wa mkesha wa Krismasi, Uru, Kibosho, Marangu na Machame zingetoa namba nyingine kabisa. Sensa hiyo ilikuwa ya kwanza kuhesabu majengo, ikapata 14,348,372 nchi nzima, na ndani ya idadi hiyo yamo ya mlimani yaliyokuwa yamefungwa kwa kufuli usiku ule: mageti ya chuma, vigae vyekundu, madirisha ya alumini, na mlinzi kwenye kibanda akisikiliza redio.

Nyumba ya siku kumi na nne

Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali kuliko kote, kwa sababu unagusa heshima. Wapo wanaosema nyumba hizi ni ufahari mtupu, fedha iliyozikwa. Wapo wanaosema asiyejenga nyumbani hana kwao. Tuwape wote namba.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu na tuseme imegharimu shilingi milioni 60. Si bei ya mtu fulani. Ni kiasi cha kufanyia hesabu, na ukiwa na kiasi chako weka chako. Mwenyewe anakuja tarehe 20 Desemba, anaondoka tarehe 3 Januari: usiku 14. Kwa miaka 30 ni usiku 420. Milioni 60 gawa kwa 420, kila usiku unagharimu shilingi 142,857. Ongeza mlinzi wa shilingi 100,000 kwa mwezi, ambaye kwa miaka 30 atakula milioni 36, gharama inapanda hadi 228,571 kwa usiku. Rangi, mabati yanayovuja na popo wa darini sijawagusa.

Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile ambacho fedha hiyo ingefanya pengine. Aprili 2022 riba ya hatifungani za serikali za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na walioishi kwa riba hizo walilalamika sana. Chukua hiyo ndogo. Milioni 60 kwa asilimia 12.56 ni shilingi 7,536,000 kwa mwaka. Gawa kwa usiku 14: shilingi 538,285 kwa kila usiku unaolala nyumbani kwako. Kwa bei hiyo ungepanga chumba katika hoteli nzuri ya Moshi mjini, ukakodi gari la kupanda na kushuka kila siku, na chenji ikatosha mbuzi.

Nilipoiona hesabu hii ikisomwa mbele ya wazee, jibu lao halikuwa la kihesabu, na sidhani walikosea. Hoteli haikuziki. Nyumba ya mlimani ndipo mwili utakapolazwa kabla ya kaburi, ndipo matanga yatakapokaa, ndipo mtoto aliyezaliwa Tabata ataonyeshwa kaburi la babu yake. Pia ni dhamana ya mtu aliyefukuzwa kazi akiwa na miaka 52: ana pa kurudi pasipo kodi. Na fedha ya ujenzi haikupotea. Ilikuwa mshahara wa fundi wa Kibosho, ikamlipa dereva wa lori la mawe na mama lishe wa pale saiti.

Ninachokataa ni kuhesabu gharama hiyo kama ya mwenye nyumba peke yake. Rudi kwenye mita 425. Nyumba ya mita 10 kwa 12 inakula 120. Uwanja wa kuegesha gari na sakafu ya nje, tuseme 60. Shimo la majitaka na choo cha nje, 15. Makaburi manne, 24. Zinabaki mita 206. Mgomba unahitaji kama mita 3 kwa 3, kwa hiyo zinaingia migomba 22, ukiacha kahawa kabisa. Babu alilisha familia kwa kihamba. Mjukuu analisha mlinzi. Na kama ndugu watano wamejenga nyumba tano za aina hiyo kwenye ardhi moja, mmoja aliyebaki kijijini kumtunza mama hana tena pa kulima, ingawa yeye ndiye peke yake anayekula hapo siku 365. Kahawa nayo, kwa nafasi ya mita 2.74 kila upande iliyozoeleka tangu enzi, huingia miche 1,330 kwenye hekta. Kila eneo la mita 300 linalofunikwa na nyumba na zege lake ni nafasi ya miche 40 iliyoondoka. Vyama vya ushirika vinavyojiuliza kahawa imekwenda wapi vianzie hapo kabla ya kulaumu bei ya soko peke yake.

Kuna nyumba moja inapaswa kutajwa kwenye hesabu hii, ile isiyomalizika. Mjengo wa Tanzania hujengwa kwa mshahara: msingi mwaka huu, kuta mwakani, lenta ikisubiri bonasi. Watu husema ni ukosefu wa mipango. Angalia mbadala wake. Mikopo ya nyumba nchi nzima mwanzoni mwa muongo huu ilikuwa takriban 6,000, yaani mkopo mmoja kwa kila watu elfu kumi, riba yake ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Kopa milioni 60 kwa asilimia 16, ulipe kwa miaka 15: rejesho ni shilingi 881,000 hivi kwa mwezi, na hadi unamaliza umelipa zaidi ya milioni 158. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Mwenye mshahara huo hawezi hata kuanza mazungumzo na benki. Anayejenga tofali kwa tofali anakwepa riba ya milioni 98, na anachokilipa badala yake ni muda. Mimi simcheki.

Mpaka

Sasa twende mjini. Manispaa ya Moshi ina eneo la kilomita za mraba 58, ndogo kwa mji wa umri na jina lake. Tangu muongo uliopita kuna pendekezo la kulipanua hadi kilomita 142 kwa kuchukua vijiji vinavyouzunguka mji kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ili hatimaye Moshi iwe jiji. Hoja inayosikika sana ni kwamba mji umejaa, viwanja hakuna.

Tuipime. Kwa miaka kumi manispaa iliongezeka watu 37,441, sawa na watu 3,744 kwa mwaka. Wakikaa wanne wanne, ni kaya 936. Ipe kila moja kiwanja cha mita 400, na ongeza asilimia 35 ya eneo lote kwa barabara, shule na maeneo ya wazi. Inahitajika kama mita 615 kwa kaya, jumla hekta 58 kwa mwaka, au kilomita za mraba 0.58. Eneo linaloombwa ni kilomita 84 za ziada. Kwa mwendo huo lingetosha kwa zaidi ya miaka 140.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema kilomita 84 ni za viwanja vya wakazi wapya, muulize ni wakazi gani. Na hata hizo 84 si pori. Nyingi ni vihamba vyenye watu na makaburi, vipande vile vile vya mita 425 tulivyoviona, pamoja na makazi yaliyojiotea ng'ambo ya mpaka upande wa Mabogini kwa sababu kiwanja kilikuwa nafuu huko. Manispaa ikivichukua haipati ardhi tupu. Inapata majukumu: kupima palipokwisha kujengwa, kuchonga barabara pasipo na nafasi ya barabara, kufidia migomba. Hiyo ni kazi halali na ya lazima, pengine ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyopo, lakini itajwe kwa jina lake na iwekewe bajeti yake.

Upande wa hadhi ya jiji nao una hesabu yake. Mwongozo wa TAMISEMI unataja wakazi 500,000. Moshi ina 221,733, pungufu 278,267. Ili kuwafikisha kwa kupanua mpaka peke yake lazima uhamishe asilimia 52 ya watu wote wa Moshi Vijijini, na ukishafanya hivyo halmashauri inayobaki imekatwa mapato na watu wake. Utaambiwa Tanga ilipewa jiji mwaka 2005 ikiwa na watu chini ya robo milioni. Kweli. Ila mfano wa Tanga unathibitisha tu kwamba kigezo kinaweza kulegezwa. Hauonyeshi mkazi alipata nafuu gani siku ya pili yake.

Mkazi wa kijiji anapopinga, mara nyingi huitwa mtu wa kale asiyetaka maendeleo. Mara nyingi ni mtu aliyepiga hesabu. Umeme kwanza. Tangu Januari 2022 kuunganishwa umeme wa njia moja kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Tofauti ni 293,960, karibu mara kumi na mbili, na kinachoitofautisha nyumba na nyumba ni mstari kwenye ramani. Kwa kila nyumba elfu moja ambazo hazijaunganishwa, kuhamisha mpaka ni kuhamisha shilingi milioni 294 kutoka mifukoni mwa wananchi. Nyumba iliyokwisha kuwa na mita haina neno hapa, na mlimani ziko nyingi. Lakini anayejenga sasa, yule mjukuu, ndiye anayepigwa.

Kodi ya majengo ni ndogo zaidi, ila ina maudhi yake. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inatozwa 18,000 kwa mwaka, shilingi 1,500 kila mwezi, ikikatwa kwenye LUKU. Nyumba ya Desemba hainunui umeme miezi kumi na moja. Deni linajikusanya, shilingi 16,500, na jioni ya kwanza ya likizo mwenye nyumba anatuma shilingi 20,000, anapata uniti chache kuliko alizotarajia. Nimesikia mtu akiapa amedhulumiwa na kampuni ya simu.

Kikubwa ni hati. Hakimiliki ya kimila kijijini haina ukomo wa muda, na mkutano wa kijiji una sauti juu ya ardhi ya kijiji. Hati ya mjini ni ya miaka 33, 66 au 99, ina kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na maamuzi ya mpango yanapanda ngazi hadi ofisi ambako mzee wa Uru hajui aanze kubisha mlango upi. Faida yake ni kwamba benki inaielewa zaidi na mpaka wake una vigingi vya zege badala ya masale. Kwa mwenye mpango wa kukopa au kuuza, hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu ambaye kihamba chake hakiuzwi kwa sababu wazazi wake wamelala humo, ni faida ya karatasi.

Na barabara? Wapanuaji huahidi lami. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zote ziko chini ya TARURA. Kuhama kutoka wilaya kwenda jiji hakumleti mkandarasi mwingine. Kunategemea fungu lililotengwa. Diwani anayeahidi lami kwa sababu ya jina la jiji aonyeshe kasma.

Wasiokuwa kwenye mkutano

Kundi moja halisikiki katika ubishi huu wote: wapangaji. Muuguzi aliyehamishiwa Moshi, kijana wa bodaboda kutoka Same, mpagazi wa mlima anayekaa Pasua kati ya safari na safari, mwanafunzi wa chuo anayegawana chumba Longuo. Hawana kihamba, hawana kura kwenye kikao cha ukoo, na Desemba wao ndio wanaobaki mjini. Kaya 936 zinazoongezeka kila mwaka nyingi ni zao.

Kwao hesabu ni nyingine. Badala ya kiwanja kwa kila kaya, fikiria jengo la ghorofa nne lenye nyumba 16 kwenye eneo la mita 1,200. Kaya 936 zinahitaji majengo 59 hivi kwa mwaka. Ukiongeza asilimia ile ile ya barabara na maeneo ya wazi, ardhi inayotumika ni hekta 11 badala ya 58. Ndani ya kilomita 58 za sasa, ambako maeneo ya zamani kama Majengo, Njoro na Bondeni yana nyumba nyingi za chini zilizochoka, nafasi hiyo ipo bila kugusa mgomba hata mmoja. Kizuizi ni vitu viwili: mtandao wa majitaka haujafika mitaa yote, na ghorofa haliwezi kutegemea shimo, na mtaji, ambao tumeona riba yake. Tanzania inatajwa kuwa na upungufu wa nyumba milioni 3, ukiongezeka 200,000 kila mwaka, na bado fedha za wana wa mlima zinazojenga nyumba za kulala usiku 14 hazina mahali pepesi pa kwenda kujenga nyumba za kulala usiku 365. Mfuko wa pamoja wa kujenga nyumba za kupangisha, wenye hisa zinazonunulika kwa bei ya malori mawili ya mchanga, ungepata wateja Dar es Salaam kabla ya saa sita mchana. Sijasikia aliyeufungua Moshi.

Ningeulizwa mimi, ningesema mpaka usisogezwe hata mita moja kabla ya kila kijiji kinachoguswa kuwekewa ukurasa mmoja wa namba: umeme utakuwa kiasi gani, kodi ya majengo na pango la ardhi kiasi gani, nani analipia upimaji, makaburi yana hadhi gani, na fungu la barabara liko kwenye kasma ipi ya mwaka gani. Halmashauri zote mbili zina wachumi wanaoweza kuandaa ukurasa huo kwa wiki mbili.

Na wewe unayepanda mlimani Desemba hii, kabla fundi hajachimba msingi, nenda na futi kamba. Pima kihamba chote, siyo fungu lako tu. Gawa kwa warithi wote, dada zako wakiwemo. Kata kwanza mita 3 za njia hadi kwa ndugu wa mwisho, na iandikwe kwenye muhtasari wa ukoo wenye sahihi na nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Kama kinachobaki kwa kila mmoja kiko chini ya mita 400, jengeni nyumba moja kubwa ya ukoo yenye vyumba vya kutosha, na eneo lingine mwachieni yule anayebaki na mama.